Hivi Dogfish Head ilijengwa na hopi au na sheria? Nimetoka Rehoboth, nina hoja

#1 Msafiri wa Kusi

Wakuu, salaam.

Nilipata siku tatu za mapumziko, nikaona kuliko kulala ndani Washington bora nishuke baharini. Nikavuka lile daraja la ghuba ya Chesapeake, kama kilomita 7 juu ya maji (mwenye kizunguzungu aangalie mbele tu), nikapita mashamba ya mahindi na mabanda ya kuku yasiyoisha mpaka Rehoboth Beach, jimbo la Delaware. Shabaha ilikuwa baa moja: Dogfish Head Brewings & Eats, pale Rehoboth Avenue.

Kwa wasioijua: hapo ndipo kampuni ya Dogfish Head ilipozaliwa Juni 1995. Ni bia za krafti, zile za viwanda vidogo vyenye mapishi yao wenyewe. Jengo la sasa ni jipya, la 2017, ila mtaa ni uleule. Unakaa, unaletewa vibilauri vinne vya kuonja, jukwaani mtu anapiga gitaa, na ukitoka ni mwendo mfupi tu kwa miguu hadi Atlantiki.

Sasa hoja yangu. Kila mtu anasema mwanzilishi wake, Sam Calagione, alitoboa kwa sababu ya bia kali na vituko vya mapishi. Mimi nakataa. Alipofika Delaware, sheria ya jimbo haikuruhusu baa kupika bia na kuiuza hapohapo. Ikabidi aende Dover, mji mkuu wa jimbo, kuwabembeleza wabunge, wakabadili sheria, naye akafungua baa ya kwanza ya aina hiyo jimboni. Mtu akishakuwa peke yake mlangoni, hata akipika maji ya mchele atauza. Kwa hiyo iliyojenga Dogfish Head ni sheria. Hopi, yale maua ya kutia uchungu kwenye bia, zilikuja baadaye.

Nipingeni.

#2 Karanga Mbichi

Nimekaa pale. Mhudumu, lete na maji.

#3 Kimea

Mada nzuri, hitimisho bovu.

Mkuu, Delaware ilichelewa, haikutangulia. Marufuku ya pombe Marekani ilianza 1920 ikafutwa 1933, na ilipofutwa kila jimbo likaachiwa lijitungie taratibu zake. Baa ya kwanza kupika bia yake baada ya marufuku ilifunguliwa Yakima, jimbo la Washington, mwaka 1982. Kufikia 1995 majimbo mengi yalishabadili sheria na baa za namna hiyo zilikuwepo tele. Kuwa wa kwanza Delaware, jimbo dogo kiasi kile, ni sawa na kuwa wa kwanza kuamka kwenye nyumba ya mtu mmoja.

Kilichomtoa ni ladha. Bia ikipikwa, maji ya kimea huchemshwa kwa saa nzima au zaidi. Kawaida hopi hutiwa kwa mafungu: fungu la mwanzo linatoa uchungu, la mwisho linatoa harufu. Yeye akaja na wazo la kuzidondosha kidogokidogo bila kukoma, tangu mchemsho unapoanza hadi unapokwisha. Dakika 90 ikawa 90 Minute IPA (India Pale Ale, bia nyeupe yenye hopi nyingi), mwaka 2001. Dakika 60 ikawa 60 Minute IPA, mwaka 2003. Hiyo ya pili ndiyo iliyolipa mishahara ya watu. Ina uchungu, ndiyo, lakini ni uchungu uliosambaa, haukupigi kofi.

#4 Msafiri wa Kusi

Kimea, hizo bia ni za 2001 na 2003. Kati ya 1995 na 2001 walikuwa wanakula nini? Hapo unanisaidia mimi.

#5 BintiPwani

Mmesahau sehemu tamu. Wazo la kudondosha kidogokidogo alilipata akiangalia kipindi cha mapishi kwenye televisheni, mpishi anatia pilipili kwenye supu kidogokidogo muda wote wa kupika. Sasa hakuwa na mashine ya kufanya hivyo. Akanunua mchezo wa watoto wa mitumba, ule wa mpira wa Kimarekani ambao ubao wake unatetemeka kwa umeme na wachezaji wanatambaa wenyewe. Akauinamisha juu ya sufuria ya kupikia, hopi zikawa zinateleza na kudondoka kadiri ubao unavyotetemeka. Mvuke nao ukaumaliza mchezo. Siku hizi wana mitambo ya kazi hiyo, lakini ule mchezo upo kwenye makumbusho ya Smithsonian hapohapo Washington. Msafiri umesafiri kote huko na kitu kiko mtaani kwako 😂

#6 Msafiri wa Kusi

😂😂 Dada umenivua nguo hadharani. Jumamosi naenda.

#7 Fundi Koroboi

Mimi kwangu jibu ni moja: hadithi. Huyo Calagione hakusomea kemia wala uhandisi, alisomea Kiingereza, fasihi, pale Muhlenberg College, Pennsylvania. Mchezo wa watoto ni hadithi. Kupika mara ya kwanza kwenye chumba cha kupanga New York kwa cheri zilizoiva kupita kiasi ni hadithi. Mwaka 1997 alijenga mtumbwi kwa mkono wake, akapakia bia kidogo, akapiga makasia kuvuka mdomo wa ghuba ya Delaware mpaka Cape May, New Jersey, ili aseme ameanza kuuza nje ya jimbo. Kibiashara ile safari haina faida hata ya senti. Lakini tunaizungumzia leo hapa, kwa Kiswahili, karibu miaka thelathini baadaye, na hatujalipwa.

Kimea atasema ladha. Bia za ladha nzuri zipo mia. Zenye hadithi ni chache.

#8 Mkaguzi wa Hesabu

Kwanza nirekebishe jambo moja kabla halijapotosha watu: mchezo wa BintiPwani ulitumika kwa 90 Minute, si 60. 60 Minute ilikuja wameshapata mtambo.

Pili, mnaosema "kiwanda" mjue mwaka 1995 palikuwa na nini. Mapipa matatu madogo ya chuma, majiko matatu ya gesi chini yake, galoni 12 kwa mpiko mmoja. Hiyo ni kama lita 45. Ndoo mbili na ushee. Wakati ule walikuwa kiwanda kidogo kuliko vyote vya biashara nchini Marekani. Walipika mara mbili tatu kwa siku, karibu kila siku, na bado bia iliisha.

#9 Kimea

Galoni 10 mkuu, lita 38. Kampuni yenyewe imeandika kumi.

#10 Mkaguzi wa Hesabu

Kampuni yenyewe imeandika pia kumi na mbili. Chagua unayoipenda.

#11 Karanga Mbichi

Tuseme kumi na moja tuendelee.

#12 Babu Ulezi

Vijana, huo udogo ndio siri na mmeupita kama mnapita kibao cha barabarani. Mtu anayepika lita 45 akikosea anamwaga lita 45. Anayepika lita elfu ishirini akikosea anafukuzwa kazi. Kwa hiyo mdogo anaweza kujaribu kila siku: leo zabibu kavu, kesho kahawa, keshokutwa asali. Mkaguzi amesema walipika mara mbili tatu kwa siku. Hayo ni majaribio mamia kwa mwaka. Hakuna shule ya upishi inayokupa hiyo.

Bibi yangu kule Kibosho, Kilimanjaro, alikuwa na chungu kimoja cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na kila mara alibadili kitu, gome la msesewe likizidi kidogo wiki hii, wiki ijayo ulezi umeota siku moja zaidi. Watu walikuwa wanajua kwa kuonja tu ni mbege ya kwake. Msesewe kwenye mbege unafanya kazi ileile ya hopi kwenye bia, unaleta uchungu wa kukata utamu. Hawa wazungu hawakugundua kitu, walirudi tu nyumbani kwa njia ndefu.

#13 Kimea

Babu, hapo kwenye msesewe nakuvulia kofia.

#14 Shemasi wa Zamu

Bwana asifiwe. Mimi sinywi lakini nimesoma uzi wote na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mji unaitwa Rehoboth.

Fungueni Mwanzo 26. Watumishi wa Isaka wanachimba kisima, wachungaji wa Gerari wanakigombania. Wanachimba kingine, ugomvi tena. Cha tatu hakuna aliyekigombania, akakiita Rehobothi, maana yake wamepata nafasi. Mji ule ulianzishwa 1873 na Wamethodisti kama kambi ya mikutano ya injili kando ya bahari. Watu walikuja kutubu na kupunga upepo.

Kwa hiyo mjue baa mnayoisifu imesimama kwenye ardhi iliyopimwa kwa ajili ya maombi. Sisemi zaidi.

#15 Fundi Koroboi

Shemasi umeongeza hadithi juu ya hadithi, hoja yangu inazidi kunenepa.

#16 Jirani wa Salisbury

Niko Salisbury, Maryland, kama saa moja kutoka hapo, naenda mara kwa mara. Wote mnazunguka. Jibu liko kwenye maneno ya Shemasi ila hakulimalizia: mahali.

Mji wenyewe una wakazi wachache mno. Kiangazi kikifika watu wa Washington, Baltimore na Philadelphia wanamiminika. Wana pesa, wana kiu, wana siku saba za kukaa bila kazi. Wanaonja kitu ambacho kwao hakipo, wanarudi nyumbani wanauliza duka la mtaani, "Mnayo ile bia ya Rehoboth?" Hakuna tangazo linaloshinda hilo. Ongeza na kwamba Delaware haitozi kodi ya mauzo, bei uliyoiona ndiyo unayolipa, kwa hiyo watu wanakuja hata kununua viatu.

Baa hiyohiyo ungeiweka katikati ya mashamba ya kuku, ingekufa majira ya baridi ya kwanza.

#17 Msafiri wa Kusi

Jirani, lakini miji ya ufukweni iko mingi kwenye ile Atlantiki. Ocean City iko jirani yako kabisa na watalii wake ni wengi zaidi. Mbona haikutoa Dogfish Head?

#18 Jirani wa Salisbury

Kwa sababu Calagione alimwoa binti wa Milford, Delaware, si binti wa Ocean City 😅 Kweli kabisa, mkewe Mariah ni wa hukohuko, na ameijenga kampuni pamoja naye tangu mwanzo. Wapeni wanawake haki yao kwenye huu uzi.

#19 BintiPwani

Hatimaye! Maelezo ya sita: mke. Kimea andika kwenye daftari.

#20 Mzee wa Sheria 1516

Mnaifanyia bia matusi. Wajerumani wa Bavaria waliandika 1516: shayiri, hopi, maji. Basi. Hawa wanatia zabibu, zafarani, asali, sijui nini. Hicho ni kinywaji kizuri labda, lakini kiiteni jina lingine.

#21 Babu Ulezi

Na mbege yetu yenye ndizi tuiite nini, soda?

#22 Kimea

Mzee wa 1516, zafarani unayoichukia ni ya zamani kuliko sheria yako. Ngoja nikupe kisa kamili kwa sababu ndicho kilichonifanya nianze kuifuatilia Dogfish Head.

Mwaka 1957 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichimba kilima cha kaburi huko Gordion, Uturuki. Ndani wakakuta mfalme wa Wafrigia wa karne ya nane kabla ya Kristo na vyombo vya shaba 157 vya kunywea na kuandalia karamu. Baadhi vilikuwa na masalia ya kinywaji yaliyokauka chini. Miaka kama arobaini ikapita, ndipo Patrick McGovern, mwanakiolojia wa kemia wa makumbusho ya chuo hicho, akayapima. Akakuta dalili za zabibu, za shayiri, na za asali. Divai, bia na asali, vyote kwenye chombo kimoja.

Kikolezo cha uchungu hakikujulikana. Hopi enzi hizo na eneo hilo hazikuwa zikitumika. McGovern akawaita wapika bia, akawapa changamoto watengeneze upya. Calagione akatumia zafarani kwa sababu inatoka pande hizo na ina uchungu wake. Bia ikaitwa Midas Touch, kwa jina la Midas, mfalme wa Wafrigia, ikaingia sokoni na kushinda medali.

Zafarani ni makisio, nakubali. Lakini mchanganyiko wenyewe ulitoka ndani ya chombo.

#23 Mkaguzi wa Hesabu

Nyongeza: inawezekana sana aliyezikwa si Midas mwenyewe bali baba yake. Kaburi ni la mwaka wa 740 hivi kabla ya Kristo, Midas alitawala baada ya hapo. Ila bia iitwayo "Baba wa Midas" nani angenunua.

#24 Fundi Koroboi

HADITHI. Nasema tena.

#25 Mwanafunzi wa Kemia

Naomba niingie kidogo maana uzi una watu wa nondo. Baada ya Midas, McGovern na Dogfish Head waliendelea. Chateau Jiahu imetokana na vyungu vya kijiji cha Jiahu, China, vya miaka kama 9,000 iliyopita: mchele, asali, matunda. Ta Henket ni ya Misri. Kwa hiyo walienda Misri kutega hamira ya hewani kwenye shamba la mitende, wakaoka mkate wa kupikia bia, na wakatia tunda la mkoma. Ndiyo, mkoma huuhuu wa Pwani yetu, jamii ya mkoche, ambao sisi tunasukia mikeka na makapu.

Lakini ninayoipenda mimi ni chicha ya Peru. Nafaka ina wanga, na hamira haiwezi kula wanga, inakula sukari. Njia moja ya kuugeuza ni kuotesha nafaka, ndiyo kimea. Njia nyingine ni mate, kwa sababu mate ya binadamu yana kimeng'enya kinachofanya kazi hiyohiyo. Basi wakakaa kitako, Calagione, McGovern na wafanyakazi, wakatafuna mahindi ya zambarau ya Peru na kuyatema. Baadaye yanachemshwa, kwa hiyo vijidudu vinakufa.

#26 Karanga Mbichi

Mhudumu, futa oda yangu.

#27 Babu Ulezi

Kutafuna mahindi ni kukosa subira tu. Loweka, funika na majani ya mgomba, ngoja yaote.

#28 Mzee wa Sheria 1516

Nashukuru angalau nimetajwa kwenye historia safi. Hiyo ya mate siigusi.

Ila Kimea, hizo IPA zako nazo zina uongo wake. Kila baa ukiingia unaambiwa Waingereza waliibuni ili ifike India bila kuharibika. Uongo.

#29 Kimea

Nusu uongo. Bia nyeupe yenye hopi nyingi ilikuwepo Uingereza kabla, na bia nyingine, hata nyeusi, zilifika India salama. Mpika bia Hodgson wa Bow, London, alikuwa tu karibu na bandari ya meli za Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki na aliwakopesha manahodha kwa masharti mazuri. Soko la India ndilo lililoipa jina na umaarufu.

#30 Jirani wa Salisbury

Kwa hiyo hata IPA iliinuliwa na mahali na biashara, si na ladha. Asante Kimea kwa kunifungia goli.

#31 Kimea

…

#32 Mgema Mstaafu

Mimi nimegema minazi Rabai miaka kumi na tatu kabla ya kuja huku. Nina neno moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hiyo kampuni si ya hao mume na mke tena. 2015 waliuzia Boston Beer, wenye bia ya Samuel Adams. Mnasifu kivuli.

#33 Mkaguzi wa Hesabu

Mzee wangu shikamoo, ila miaka imechanganyika. 2015 waliuza asilimia 15 kwa kampuni ya uwekezaji ya LNK Partners. Boston Beer ilikuja Mei 2019, kwa takriban dola milioni 300, sehemu taslimu na sehemu hisa. Calagione akaingia kwenye bodi ya kampuni mpya na familia ikabaki na hisa nyingi. Kwa kanuni za chama cha wapika bia wadogo wa Marekani bado inahesabiwa krafti, kwa sababu kipimo chao ni chini ya mapipa milioni 6 kwa mwaka na isimilikiwe robo au zaidi na kampuni ya pombe isiyo ya krafti.

#34 Mgema Mstaafu

Marahaba. Mapipa milioni 6 ni "mdogo"? Pipa lao lita ngapi?

#35 Mkaguzi wa Hesabu

Kama lita 117.

#36 Mgema Mstaafu

Basi na mimi nilikuwa mdogo sana.

#37 Mama Nia

Hamjambo. Nimekuja na swali la kawaida, samahani kwa kukatiza wataalamu. Mume wangu anataka kwenda hapo mwezi wa saba, mimi sinywi na tuna watoto wawili. Ni mahali pa kwenda na watoto au nibaki hotelini?

#38 Msafiri wa Kusi

Mama Nia nenda bila wasiwasi. Ni mgahawa kabisa, watoto walikuwepo wengi. Kuchelewa usiku muziki unakuwa juu, nendeni mapema. Pembeni yake kuna mgahawa wao mwingine, Chesapeake & Maine, wa vyakula vya baharini: kaa na chaza wa ghuba ya Chesapeake, na kamba wakubwa wa Maine wenye makoleo. Mimi nilikula kaa mpaka nikakumbuka Forodhani.

Vitu vya kujua: vitambulisho wanakagua, miaka 21 kwenda juu hata kama una mvi. Niliacha pasi yangu kwenye begi, nikarudi chumbani chini ya jua lote lile, kosa langu. Maegesho kiangazi ni ya kulipia karibu mji mzima na kupata nafasi ni bahati. Na bakshishi msiisahau, asilimia 18 hadi 20. Delaware mshahara wa chini wa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.23 tu kwa saa.

#39 Mama Nia

Asante sana. 2.23? Subhanallah.

#40 Jirani wa Salisbury

Mama Nia, siku ya pili wapeleke watoto Milton, ndani kidogo, chini ya nusu saa kwa gari. Ndiko kiwanda kikubwa kilipohamia 2002, kwenye majengo ya zamani ya kusindika vyakula vya makopo. Nje kuna mti wa chuma wa urefu wa mita kama 12 wenye kijumba juu, wasanii waliutengeneza kwa tamasha la Burning Man 2007, kampuni ikauleta pale baadaye. Watoto hawatataka kuondoka. Mume aombe kuona tangi la mbao ya palo santo kutoka Paraguay, galoni 10,000. Ukikaribia unasikia harufu ya mbao.

#41 Mkazi wa Jersey

Na kama mnatoka kaskazini msizunguke na barabara. Pandeni feri ya Cape May kwenda Lewes, dakika 85, gari linaingia. Kiangazi pomboo wanaonekana. Mimi kila nikipanda namfikiria yule bwana na makasia yake. Feri yenye injini inachukua saa moja na dakika 25, yeye alitumia mikono. Huwezi kuniambia mtu huyo alitoboa kwa sababu ya sheria, mahali, au hopi. Ni kichwa kigumu tu.

#42 BintiPwani

Ya saba: kichwa kigumu. Nahesabu mimi, daftari la Kimea limejaa.

#43 Kijana wa Kahawa

Mbona hakuna aliyetaja jina? Dogfish ni papa mdogo, mji uko baharini, nembo ni samaki. Chapa inayoingia kichwani mara moja. Bila shaka bahari ya Rehoboth imejaa hao papa ndiyo maana.

#44 Mkaguzi wa Hesabu

Jina halikutoka Delaware. Dogfish Head ni rasi ndogo huko Maine, karibu na Boothbay Harbor, ambako Calagione alikuwa akienda utotoni na familia yake. Baa ya Delaware ina jina la Maine. Ndiyo maana hata ule mgahawa wa kaa unaitwa Chesapeake & Maine.

#45 Kijana wa Kahawa

Mkaguzi wewe huwa unalala?

#46 Mkaguzi wa Hesabu

Mwezi wa marejesho ya kodi, hapana.

#47 Msafiri wa Kusi

Nimerudi wakuu. Kwanza nimetoka Smithsonian, mchezo nimeuona, mdogo kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa nimeapa kutetea sheria lakini kuna jambo nimeliwaza. Babu kasema majaribio ya lita 45 kila siku ndiyo shule. Kweli. Ila majaribio hayo aliyauza wapi? Mezani, palepale, kwa mtu aliyekaa mbele yake na kukunja uso au kutabasamu. Kama sheria ingebaki ya zamani, angetakiwa apike mahali pengine, amuuzie msambazaji, msambazaji aiuzie baa, baa imuuzie mlaji. Ule uso asingeuona. Kwa hiyo sheria ndiyo iliyomruhusu aione ile sura. Sijashinda, lakini sijashindwa.

#48 Kimea

Hiyo ni hoja ya Babu umeivisha koti la Bunge.

#49 Babu Ulezi

Aache avae, baridi kali huko.

#50 BintiPwani

Msafiri, hujatuambia kitu kimoja. Kati ya vile vibilauri vinne, kipi ulirudia?

#51 Msafiri wa Kusi

SeaQuench. Ina ndimu, ndimu kavu nyeusi na chumvi ya bahari, asilimia 4.9 tu. Kila mtu mezani alikuwa anajadili zile IPA, mimi nikafumba macho nikasikia achari ya mama.

#52 Mgema Mstaafu

Ndimu na chumvi. Miaka yote hiyo, na mbio zote hizo, wamefika kwenye ndimu na chumvi.

#53 Karanga Mbichi

Mhudumu, rudisha oda.

#54 Mama Nia

Samahani tena, hiyo feri mnalipia kwa gari au kwa kichwa?

#55 Mkazi wa Jersey

Vyote viwili. Gari na dereva pamoja, abiria wengine kila mtu na yake. Kateni mapema, Jumamosi za mwezi wa saba zinajaa.